Mkono Unaovuta Kulia

Mwanangu Furaha,

Naomba barua hii ikukute umekula na umelala vizuri, wewe na bibi yako. Kile kifua chako kimepona? Niambie ukweli, usinifiche ukidhani nitahangaika, maana nahangaika hivyohivyo. Mimi mzima, ila shingo na mgongo ndivyo vinavyonizeesha. Kila asubuhi hapa mwaloni Bangwe, mitumbwi ya ziwani inaposhusha samaki, nabeba kichwani mabeseni ya dagaa wabichi mpaka kwenye chanja za kuanikia, na maji yao yananitiririkia usoni.

Sasa kikundi chetu cha akina mama kimepata pikipiki ya magurudumu matatu ya kubeba mizigo, hapa wanaiita guta. Mwenyekiti wetu, Mama Zabibu, akasema ataiendesha mwenye leseni. Kati yetu ni mimi tu niliyewahi kushika usukani, tangu marehemu baba yako aliponifundisha pikipiki huko Baraka, mikono yake juu ya yangu. Wakanipa mwezi mmoja nipate leseni. Nikishindwa wanaajiri mwanamume, nami nabaki na beseni langu.

Basi nikaingia darasani, mtu mzima na elimu yangu ya darasa la nne. Alama za barabarani nilizichora kwa mkaa ukutani jikoni, nikisonga ugali nazitaja: pembetatu inaonya, duara jekundu linakataza. Maswali ya mdomo nikapita. Balaa ikawa barabarani. Huko kwetu, ng'ambo ya ziwa, tunashika kulia; huku nchi ya watu wanashika kushoto. Kichwa kinajua, mkono haujui. Siku ya jaribio, trafiki amekaa nyuma yangu, nilitoka vizuri. Kufika njia panda ya Katubuka nikakata kona, nikaingia upande wa kulia kama naenda sokoni Baraka. Uso kwa uso na bodaboda!

"Mama, unataka kutuua au umetumwa?" akapiga kelele yule dereva.

Trafiki akaniambia nishuke. Nilirudi Bangwe kwa miguu.

Mama Zabibu hakunigombeza. "Umebakiwa na jaribio moja, dada. Baada ya hapo tutamtafuta mtu." Wiki nzima nikawa natembea kushoto hata vichochoroni, wenzangu wananicheka: "Mpisheni Bi Kushoto!"

Jana nikarudi. Kufika njia panda ileile nikasimama kabisa. Lori nyuma likapiga honi.

"Mama, tunasubiri nini? Barabara nyeupe hiyo," trafiki akaniuliza.

"Nasubiri mkono uache ubishi, afande."

Akacheka. "Haya, subiri. Ila usitulaze hapa."

Nikaondoka polepole, nikashika kushoto. Nimefaulu, Furaha. Jumatatu naanza.

Wenzangu walipiga vigelegele, mimi nikakaa chini tu. Nimechoka, mwanangu. Wakati wa kurudi nilishika kushoto bila kufikiri, nikaona kama nimeitoa mikono ya baba yako juu ya yangu. Nikija huko, msinipe pikipiki ya mtu. Mkono umeshahamia huku, mimi mwenyewe bado.

Nawe ukienda shule, kabla ya kuvuka angalia kushoto kwanza, kisha kulia, kisha kushoto tena. Usikimbie.

Mwamkie bibi yako, mwambie asibebe maji, hiyo ni kazi yako. Msalimie baba yako mdogo na jirani yetu muuza mawese.

Ni mimi mama yako, ninayekutaja kila nikipiga magoti.

Mama Furaha