Chumba Chini ya Kitanda cha Mkwe

Kitale

Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye baridi. Miguu imepungua kuvimba? Usiniambie hujambo. Mke wa kaka ameshanieleza kwamba viatu havikuingii tena, na kwamba wiki hii pia hukwenda kusafishwa damu. Naandika kwa sababu nikikupigia simu unakata.

Najua kilichokukasirisha, lakini acha ukisikie kwangu.

Daktari aliposema ukae karibu na hospitali ya huku, tulijua kwa mila zetu huwezi kulala nyumbani kwa mkwe. Ndipo mume wangu, Wanjala, akafikiria stoo ya mahindi iliyo chini ya nyumba, upande ule kiwanja kinapoteremka. Tulitoa magunia, tukachimba mpaka mtu akaweza kusimama wima, tukamwaga kokoto, tukatandika nailoni ya kuzuia unyevu, kisha simiti. Alipotoboa ukuta kuweka dirisha, nyumba ilipata ufa. Aliegemeza miti mpaka pakashika. Mlango tukauelekeza barabarani, mbali na wetu. Tulijiambia kwamba ukiwa na mlango wako, una nyumba yako.

Shangazi yake akaja kuona. Alisifu rangi, akapapasa ukuta, kisha akatazama dari. "Na hapa juu ni nani hulala?"

Sote tukainua macho. Kitanda chetu kilikuwa hapo hapo, Mama. Tulikuwa tumekutengenezea mahali ambapo mkwe wako angelala juu ya kichwa chako, na sisi wawili tunashangilia dirisha. Shangazi aliondoka bila kunywa chai, na kabla ya jua kutua habari zilikuwa huko kwako Bumula. Nikasikia umefungua begi ulilokuwa umeshalifunga.

Nililia, halafu nikakasirika. Kwenye picha aliyonitumia kaka, uso wako umevimba hata karibu nisikujue. Naogopa sana.

Jumapili tulipotoka kanisani Wanjala alikifungua kile kitanda, akakibeba vipande vipande hadi karakana yake ya useremala, mtaa wa pili. Nikamuuliza anafanya nini.

"Si mama aje tu. Mimi nitalala huko na mbao zangu. Akizidiwa sababu ya kitanda yangu, ati nitakuangalia aje?"

Sasa chakula nampelekea huko. Chumba cha juu nimekitia kufuli, na watoto nalala nao sebuleni. Hakuna mguu utakaopita juu yako.

Nisalimie kaka na mkewe anayekuogesha. Msalimie pia mama mdogo wa pale sokoni, ambaye najua ndiye aliyekushauri ukatae. Mwambie sina kinyongo, ingawa ninacho kidogo.

Mama, mume wangu amehama nyumba yake mwenyewe kwa heshima yako. Alhamisi nitafika na gari. Kama una maneno, utanigombeza njiani.

Binti yako anayekutaka ukiwa hai,
Nekesa