Mvua ya Kwanza ni ya Migomba

Nyakatuntu

Mdogo wangu Jeni,

Huku tunaendelea, Mama anakusalimu. Mimi tangu nimalize kidato cha nne niko nyumbani, navuna kahawa.

Umeuliza kama ni kweli aliyokwambia Mjomba, kwamba siku ya kumzika Babu niliwaacha waombolezaji nikaenda kumwaga maji ya mvua. Ni kweli.

Nilipokuwa na umri wako, Babu alinikabidhi bomba linaloshusha maji ya paani kwenye bwawa letu la kuogelea. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ilipopiga, nikalielekeza bwawani kwa furaha. Vumbi na masizi yote ya paani yakaingia. Watoto wa jirani wakacheka, "Leo tunaogelea kwenye chai ya rangi!" Nikajificha kibanjani, katikati ya migomba, nikalia. Babu alinifuata, akaketi.

"Mjukuu wangu, mvua ya kwanza inaosha bati. Hiyo wape migomba. Sisi tungoje ya pili."

Siku ya maziko, kiangazi kilikuwa kimepunguza sana maji ya bwawa letu. Tukiwa tunaimba, mvua ya kwanza ikaanza, na bomba lilielekea bwawani. Unajua ninavyoogopa kutazamwa. Niliinuka mbele ya watu wote, nikaligeuza bomba lielekee kwenye migomba.

"Huyu mtoto, hata leo?" Mjomba akasema.

"Mwache," Baba akamjibu. "Aliachiwa kazi."

Mvua ya pili ilinyesha juzi, bomba nikiwa nimelirudisha bwawani. Jiwe alilokuwa akilikalia Babu, miguu yake ikiwa majini, sasa maji yanaligusa tena, na ni safi.

Dada yako,
Adela