Baba Amekula, Mama

Mama yangu,

Shikamoo. Nimeona nikuamkie kwanza, maana habari yenyewe inaanzia kwenye shikamoo, na ni habari njema. Baba amekula. Si kuonja, amekula mpaka akalamba vidole.

Tangu tukuzike hapo Bahi alikuwa hali. Wifi anampelekea ugali na mlenda kila jioni, Baba anashukuru, anasubiri wifi aondoke, anawamwagia kuku. Kuku wakanenepa, yeye akakonda mpaka akautoboa mkanda matundu mapya kwa msumari. Nikija kutoka mjini Dodoma namkuta na kikombe cha chai ya rangi, basi. Niliogopa, Mama. Niliogopa kwamba tutarudi makaburini kabla majani hayajaota juu yako.

Ofisi ikanipeleka semina kisiwani, kwenye hoteli ya ufukweni, nikaondoka naye. Nilimpangia chumba nyumba ya wageni iliyo nyuma ya hoteli. Alipoiona bahari alisema ni bwawa la Mtera lisilo na adabu. Ila chakula cha hoteli nililipiwa mimi tu, na sahani moja pale ni bei ya beberu mzima. Wahudumu wakatuelekeza soko la chakula la watalii, hapo jirani, kwamba kuna vyakula vya bei nafuu.

Najua unacheka. Baba, ale sokoni! Mtu aliyepita kwenye moshi wa nyama choma mnadani maisha yake yote, akarudi nyumbani na njaa, akisema, "Mimi nina mke, sili barabarani." Wewe ukinuna, huku unampakulia kilima cha wali.

Tulipofika, vijana wa meza za mbele, wenye mishikaki ya pweza, walimwona na kofia yangu ya jua na miwani myeusi. "Jambo! Jambo, papa!" Baba akasimama kama ng'ombe aliyeona daraja. "Jambo? Mimi mzungu?" Akageuka arudi.

Nikamshika mkono wa shati. Sikubembeleza, unanijua. Nilimwambia, "Baba, Mama hayupo. Nyumbani hakuna anayekupakulia." Nilikuwa sijawahi kulisema hilo kwa sauti. Watu wakageuka kutuangalia. Mimi nikatamani maneno yangu yarudi mdomoni.

Mwisho wa safu kulikuwa na mama mmoja na masufuria yake, hana hata kibao cha Kiingereza. Aliinuka, akafuta mikono kwenye kanga. "Shikamoo, baba. Karibu, kaa kitako."

"Marahaba," akasema Baba, kwa ile sauti yake ya kanisani. Akavua miwani. Akakaa.

Aliletewa wali na samaki mzima wa nazi, akanawa, akaanza polepole kama mtu anayejaribu kiatu. Halafu kasi ikaongezeka. "Wali wao mzuri," akaniambia, "ila si wa Bahi." Hapo nikajua amepona kidogo, maana ameanza kukosoa.

Kisha akakivunja kichwa cha samaki, akakiweka pembeni mwa sahani. Upande wako, Mama. Bila kufikiri, kama alivyofanya miaka yote. Mkono wake ukabaki pale pale. Mimi nikaangalia bahari, maana sikujua niangalie wapi.

Baadaye akakisogeza kwangu. "Haya. Kula wewe."

Unajua sipendi vichwa vya samaki. Yale macho! Lakini nilikila chote, na macho yake, huku machozi yananitoka. Yule mama akadhani ni pilipili, akaniletea maji. Sikumsahihisha.

Tumerudi salama. Jana Baba kampigia wifi simu kwamba asimletee kitu Jumamosi, atawasha jiko lako mwenyewe. Mimi nakuja na perege, nitapika. Wali utashika chini, hilo usiwe na shaka, na yeye atalalamika, na atakula.

Pumzika sasa, Mama. Kile kichwa kikiwekwa pembeni mwa sahani, nakuahidi hakitabaki pale peke yake. Nitakuwa nimekaa hapo.

Kitinda mimba wako.