Ukurasa wa Babu Otakar Katika Kitabu cha Kaunti

Vesta, Kaunti ya Mayhew,
Nebraska.
Jumapili, 7 Julai 2019

Mpendwa mdogo wangu Leonard,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye vilima vya mchanga ulikozaliwa. U hali gani? Goti walilokupasua Machi linaendeleaje? Na shemeji Carol, presha imetulia? Sisi hatujambo. Shemeji yako Dwayne anakohoa vumbi la nyasi kama kila Julai, lakini chakula anakifagia, na mtu anayefagia sahani simwiti mgonjwa.

Mvua ya Mei ilikuwa nzuri, nyasi za bondeni zimefika kiunoni na tunazikata wiki hii. Kaunti nzima sasa tuko watu mia nne na thelathini na mmoja, pamoja na pacha wa akina Hoagland waliozaliwa Pasaka. Shule imebaki na wanafunzi tisa.

Basi, salamu zimekwisha. Sasa nikwambie kilichonitia kinyaa mpaka kahawa ikanishinda.

Kitabu cha kaunti kimetoka. Wilma wa posta, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati, aliniletea nakala Jumatano, kaikumbatia kama mtoto mchanga. Sehemu ya jiografia kaiandika kijana mmoja wa chuo aliyelala siku mbili motelini, akasema nchi yetu ni "tupu". Tupu! Aende akawaulize ng'ombe elfu hamsini wanakula nini. Kwenye historia wamesema Vesta ilishindania makao makuu ya kaunti na mji wa Orrin "kwa moyo wa kiungwana", na babu zao hao hao wanakamati ndio waliopora daftari za ardhi kwa mtutu wa bunduki ili makao yawe kwao. Nikaguna, nikafungua sehemu ya watu.

Unajua mambo yetu. Kila ukoo huandika ukurasa wake na kuutia saini, kamati nayo huuchapa kama ulivyo. Hakuna anayemwambia jirani kwamba amedanganya, maana Mei utamhitaji huyo huyo akushikie ndama wa kupigwa chapa. Wa ukoo wa Mama nilikuachia wewe uuandike. Nilisema una kalamu nzuri. Mjinga mimi.

Ukurasa wa mia na themanini na nane. Leonard, haya huna? Umeandika kwamba kwenye tufani ya theluji ya mwaka 1936 ni Babu Otakar aliyekwenda shuleni akiushika ua wa seng'enge njia nzima, akawafunga watoto saba kamba moja viunoni, akawafikisha salama. Babu Otakar! Siku ile Babu alijifungia zizini na ng'ombe wake, na binti yake mwenyewe, Ludmila mama yetu, yuko shuleni. Aliyekwenda ni kibarua wake, Gustav Teske, yule Mjerumani ambaye Babu hakutaka hata kula naye meza moja. Gustav alipoteza vidole sita kwa baridi ya ule waya. Mama alikuwa wa tatu kwenye kamba, ana miaka minane. Katusimulia kila theluji ilipoanguka, tukimenya viazi, na wewe ndiye uliyekuwa ukimuuliza vile vidole vilienda wapi.

Kwa hiyo usiniambie ulisahau. Nilisoma mate yakinijaa mdomoni kama mtu aliyekula nyama iliyooza.

Mzee Alvin, mtoto wa Gustav, yuko makao ya wazee kule Orrin. Ana miaka themanini na tisa, macho yamekwisha. Alikuwa wa mwisho kwenye kamba ile na leo ndiye pekee aliyebaki hai. Kamati ilipomwendea mwaka jana ikamtaka ukurasa, aliwajibu, "Mimi sioni, nitaandika nini? Ya baba wataandika watoto wa Ludmila. Wao wanayajua." Alituamini, Leonard.

Alhamisi, sikukuu ya Nne ya Julai, nilimpelekea kolache, yale maandazi yetu ya plamu, kitabu nimekiacha garini. Wauguzi walikwisha kumwambia kimetoka. Hata sijakaa, akaanza, "Wewe binti wa Ludmila, kiko wapi? Kalete. Nisomee pale pa baba." Nikaenda kukileta. Nikafungua ukurasa wako nikausoma, na kila ulipoandika Otakar mimi nikasema Gustav. Mzee alicheka mpaka fizi zote zikaonekana. "Ebu rudia, mwanangu." Nikarudia mara tatu. Kisha akasema, "Sasa kiache hapa. Rosalie wangu anakuja Jumapili kutoka Omaha, na yeye anisomee."

Nilikiacha, nikatoka pale najisikia nanuka. Nilikuwa nimeupaka uongo wako sukari nikamlisha kipofu.

Ijumaa nikamvaa Wilma palepale posta. Unajua alinijibu nini? "Verna, mbona sote tunajua? Kaunti nzima inajua."

"Sasa mkachapa kwa nini?"

"Aliyetia saini ndiye mwenye maneno yake, bibi. Leonard akituandikia kwamba si kweli, tutabandika karatasi kwenye nakala zote kabla ya maonyesho ya Agosti. Bila saini yake, ng'o."

Wanajua wote, na wote wamekinunua! Wanachefua. Na mimi ni mmoja wao, maana Februari Wilma aliniletea rasimu nikairudisha bila kuifungua, nikajigamba kwamba Leonard hakosei.

Jana asubuhi nikarudi Orrin. Nilimshika Mzee Alvin mkono, nikamwambia kilichoandikwa na nilichomfanyia. Nilitamani anitukane. Akauliza neno moja tu: "Ludmila alikuwa anamtaja baba?" Nikamwambia kila majira ya theluji, mpaka mwaka aliokufa. "Basi," akasema. "Yeye alikuwepo." Akaniomba nimpe kolache nyingine.

Ndani ya bahasha hii kuna barua kwa kamati. Nimeiandika mimi, ukweli mtupu, imebaki saini yako. Ifike kwa Wilma kabla ya tarehe ishirini na sita. Usinipigie simu kunieleza ulikuwa na nia gani, nia yako nimeisoma imechapwa.

Nilitaka kuishia hapo, ila Rosalie amenipigia sasa hivi. Anataka kujua kuna nini kwenye ukurasa wa mia na themanini na nane, kwa sababu amekaa na babake tangu kanisa lilipotoka, wamesoma koo zote za kaunti, na kila akifika hapo mzee anauweka mkono wake juu ya kitabu. Anamwambia, "Huo ruka. Huo Verna alishanisomea vizuri."

Anatusitiri, Leonard. Babu yetu alimnyima baba yake kiti mezani, wewe ukamnyima jina, na yeye anatusitiri sisi mbele ya mtoto wake. Nilimwambia Rosalie sufuria inaungua nikakata simu.

Nisalimie Carol, na Todd na mkewe, na umbusu Paige shavuni. Shangazi Blanche aliuliza habari zako leo kanisani, na Dwayne anakusalimu. Mungu awalinde nyumba nzima, na wewe akupe uso wa kuona haya, maana hiyo nayo ni neema.

Mimi dada yako nikupendaye, ingawa leo sikutaki machoni,

Verna

Kalamu nimekuwekea humo humo, usije ukasema huna.