Nguvu za Mwana Mfalme

Jumatatu, 16 Februari 2004

Mkate na maziwa dukani saa mbili asubuhi, kama kila siku. Manyunyu. Barua nne. Gesi, benki, tangazo la mazulia, hospitali. Ya hospitali nimeisoma mara mbili peke yangu kabla ya kumsomea Zuwena. Operesheni ya moyo, Jumatatu tarehe nane Machi. Wodini siku kumi, ikienda vizuri.

Zuwena ameuliza, "Na ikienda vibaya?"

Nimemwambia hilo hawakuliandika. Akarudi jikoni.

Mjukuu wetu Samira yuko hapa tangu jana. Skuli za kwao Leicester zimefungwa wiki nzima. Miaka kumi na nne. Anasikia Kiswahili chote na hujibu kwa Kiingereza, isipokuwa akitaka kunicheka. Hapo hupata Kiswahili safi. Kutwa ameinamia kimashine cha mchezo kisichozidi kiganja.

Jumanne, 17 Februari

Nimemwomba Samira anifundishe. Nilitaka kuacha kufikiria kifua changu.

Uwanja una miraba. Jeshi lako dogo upande mmoja, adui upande wa pili. Zamu yako unasogeza watu wako wote, kisha adui husogeza wake. Ni dama iliyokwenda skuli. Anayemmaliza adui hupata pointi. Pointi mia, mtu hupanda ngazi, na nguvu yake, kasi yake, ngao yake huongezeka kidogo. Akifa, amekufa. Harudi tena mpaka mwisho wa mchezo. Hilo limenipendeza. Nilidhani michezo ya watoto haina mauti.

Shujaa ni mwana mfalme aliyefukuzwa kwao. Anatangatanga nchi za watu na wafuasi saba. Nikamwambia Samira habari hii naijua. Akasema, "Babu, kila mtu anaijua."

Nimeanza mchezo wangu mwenyewe. Miaka ishirini na mbili nilipanga ratiba za treni ofisini. Nimechukua daftari nikachora jedwali. Kila ngazi anayopanda mtu, naandika kilichoongezeka.

Alhamisi, 19 Februari

Tumebishana asubuhi nzima, mimi na Samira. Je, mwana mfalme ana nguvu?

Mimi nasema anazo. Yuko ngazi ya tisa, hakuna adui anayehimili mapigo yake mawili. Samira anasema shujaa huyu ni wa kawaida tu. Eti nguvu ya mtu haipimwi kwa alipofika. Inapimwa kwa kuuliza mwenzake angefika wapi kama angelishwa pointi vile vile.

Kisha akakagua jeshi langu. Mwanamke wa mkuki, ngazi ya pili. Mpiga upinde, msichana, ngazi ya pili. Tabibu, msichana pia, ngazi ya kwanza. Wote mstari wa nyuma, ukutani. Sikuwa nimeona vibaya kuwaweka hapo. Mwanamke hatangulizwi mbele ya panga. Ni adabu.

Akaacha Kiingereza. "Babu! Umewaweka wanawake wote jikoni!"

Zuwena alikuwa mlangoni na sinia ya chai. Alicheka mpaka vikombe vikagongana. Sijamsikia akicheka hivyo tangu barua ilipokuja.

Jumamosi, 21 Februari

Nassor, mwanangu, amekuja kumchukua Samira. Tumekaa kuzungumza nani atakuwa na mama yake nikiwa wodini. Kazini amepewa siku tatu tu. Akamwambia Zuwena aende naye Leicester.

"Mie siondoki kwangu," amesema Zuwena. "Mume wangu alazwe hapa, mie nikalale Leicester? Watu watasemaje?"

Watu gani, sijui. Wengi wamekwisha kufa. Lakini hakuna aliyembishia.

Basi atakaa peke yake. Nimejaribu kuandika asiyoyajua, nikaacha. Hajapanda basi peke yake tangu tufike nchi hii. Hajapiga simu kwa daktari. Hajanunua hata kitunguu. Kwetu Unguja sokoni huenda wanaume, na wake wa heshima huletewa. Tukaja na ada hiyo kwenye masanduku pamoja na nguo. Miaka thelathini na tano. Ungeniuliza ningesema namtunza.

Samira ameniachia kimashine hadi nitoke hospitali. Mlangoni kanionya, "Usimpe mwana mfalme kila kitu."

Jumatano, 25 Februari

Kliniki, vipimo vya mwisho. Nesi alimtazama Zuwena akamwuliza kama mume wake hulala vizuri. Nikajibu mimi. Akamwuliza nyumbani kuna ngazi ngapi. Nikajibu mimi. Akamwuliza yeye mwenyewe hali yake. Nimejibu hilo nalo.

Nesi akaandika kitu. Zuwena alikuwa akitazama mkoba wake.

Ndani ya basi nilimwonyesha vituo. Aliitikia kila kimoja. Tulipofika kwetu Kilburn nikamwuliza cha hospitali ni kipi. Hakujua. Nikapandisha sauti mbele za watu. Naona haya kuliandika.

Jumapili, 29 Februari

Sura ya kumi na moja ya mchezo nimeimaliza bila kupoteza mtu. Mwana mfalme ngazi ya kumi na nane. Peke yake ameua kumi na wawili, wengine wamesimama wakimtazama. Nimempigia Samira kumringia.

"Na yule wa mkuki?"

Ngazi ya tatu.

Akasema kwa Kiingereza kwamba ananionea huruma. Sikumwelewa.

Jumanne, 2 Machi

Nimemwelewa.

Sura ya kumi na mbili inaanza, mwana mfalme ametekwa. Hayumo uwanjani. Waliobaki wapewa daraja walilinde zamu kumi mpaka atoroke. Nilitafuta kitufe cha kumrudisha kama mtu anayetafuta miwani iliyo usoni. Hakuna.

Mpiga upinde alikufa zamu ya pili. Mwanamke wa mkuki zamu ya tatu. Alisimama mdomoni mwa daraja nilipomweka, akapigwa mara moja. Kabla ya kufa mchezo huwapa neno la mwisho. Lake lilikuwa la kuomba radhi kwamba hakuweza.

Nimekizima.

Yeye ndiye aniombe radhi?

Nimekaa na daftari lakini sikuandika jedwali. Nimekumbuka mwaka 1979. Jirani yetu wa ghorofa ya chini alimletea Zuwena karatasi ya darasa la Kiingereza la kina mama. Bure. Jumatano saa nane mchana, jengo la pili kutoka posta. Zuwena aliniletea nimsomee. Nilimsomea. Kisha nikamwambia, "La nini? Mimi nipo."

Akasema, "Haya."

Nilisema vile kwa mapenzi. Naapa. Na nilipenda pia kuwa mimi tu ndiye ninayejua. Hilo sijawahi kuliandika popote.

Alhamisi, 4 Machi

Nimemwambia Zuwena leo tunakwenda Edgware Road kununua samaki, na atakayenunua ni yeye. Mimi nitakaa nyuma hatua tatu na sitafungua mdomo.

"Utaweza?" akauliza.

Kwenye basi alitangulia yeye. Aliibonyeza kadi yake pale penye mashine kwa nguvu, kama anayepiga mhuri. Duka ni lile ninamonunua kila wiki, la yule Muiraki mwenye masharubu. Akanisalimu mimi. Nikamwonyesha Zuwena kwa kidevu.

Muuzaji akainua changu wawili. Ni wale wale angenipa mimi. Zuwena akafunua shavu la samaki kwa kidole, akanusa, akabonyeza jicho. Akamrudishia. Akaletewa wengine. Akarudisha. Muuzaji akaanza kulalamika kwa Kiarabu, naye akamjibu kwa Kiarabu cha chuoni, maneno ya Msahafu tupu, kama malaika aliyekuja kukagua mizani. Mtu yule alicheka, akaingia ndani, akatoka na samaki ambaye sijapata kumwona dukani mle. Macho yanang'aa. Shavu jekundu kama komamanga.

Njiani nikamwuliza: wale ninaoleta mimi je?

"Wa juzi," amesema.

"Siku zote?"

"Mara nyengine wa kabla ya juzi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa ukirudi umefurahi, bwana."

Miaka thelathini na tano. Ndimu na pilipili zote zile zilikuwa za kuficha harufu.

Jumamosi, 6 Machi

Nimeanza mchezo upya. Sitaumaliza, ila nataka kupima kwa haki. Nimemlisha mwanamke wa mkuki sawasawa na mwana mfalme, adui kwa adui, hadi wote wawili ngazi ya saba.

Hukumu yangu, kwa kadiri ya jedwali. Mwana mfalme kila ngazi huongezeka mambo matatu kati ya saba. Kasi anayo, ngao yake haipandi kabisa. Mwanamke wa mkuki huongezeka manne, na mara mbili yamekuwa matano. Ngazi ya saba anamshinda kwa nguvu, kwa ngao na kwa uhai. Mwana mfalme si dhaifu. Ni mtu wa kati aliyekula chakula cha watu saba.

Samira alisema kweli. Nimemwambia kwenye simu. Hakuringa. Aliuliza tu, "Bibi anajua kupanda basi?"

Jumapili, 7 Machi

Nassor amefika. Zuwena amenifungia begi. Nimemwandikia Zuwena namba ya basi, kumi na sita, kwa tarakimu kubwa. Akaitazama karatasi, akaikunja, akaitia droo ya vijiko.

"Kumi na sita naijua," amesema. "Nakusikia ukiitukana kila siku."

Naogopa. Kifo nakiogopa kiasi, lakini zaidi naogopa Alhamisi, Nassor atakapokuwa amerudi kazini.

Alhamisi, 11 Machi

Kalamu nzito. Kifua kimeshonwa kama gunia. Nipo.

Nassor kaondoka jana. Leo wageni huruhusiwa saa nane mpaka saa kumi. Saa nane hakuja. Saa tisa hakuja. Nilimwomba nesi apige simu nyumbani. Ililia tu. Nikaanza kumwona kwenye daraja lile. Mashine iliyofungwa kifuani ikapiga kelele, wakaja wawili kunitazama.

Saa kumi kasorobo akaingia. Buibui limelowa mabega. Chupa ya uji wa pilipili manga mkononi.

Alipanda basi upande usio wake. Kumi na sita kweli, ila inayokwenda Cricklewood. Akafika mwisho wa njia. Dereva akamwambia ashuke.

"Nikamwambia sishuki mpaka unirudishe."

"Kwa lugha gani?"

"Ya kukaa."

Nimecheka. Imeniuma kila mshono.

Dereva akamngojesha, akageuza, akamshusha mwenyewe kituo cha hospitali. Amemwita mama, kwa Kiingereza. Zuwena ananirudia neno hilo kama kitu alichonunua.

Uji ulikuwa wa baridi. Nimeumaliza.

Jumapili, 14 Machi

Daktari amepita saa tisa. Zuwena alikuwapo. Kesho kutwa huenda nikatoka. Daktari alimgeukia yeye, akamwuliza nani atanipa dawa nyumbani na kwa saa zipi.

Nilifungua mdomo. Nikaufunga.

Mtu wa kitanda cha jirani alikohoa. Zuwena akaweka mkoba chini, akainua vidole vitatu, akasema asubuhi, mchana, usiku, mie nitampa. Kwa Kiingereza. Usiku alikosea akasema jana. Daktari alielewa. Sikumsahihisha.

Baadaye alinimenyea chungwa. Akauliza, bila kunitazama, "Lile darasa la Jumatano. Lingali pale?"

Sikujua kwamba naye analikumbuka. Nilitaka kusema sijui. Mimi hupita pale kila Ijumaa. Siku hizi wanauza simu.

Nimemwambia lilifungwa zamani.

"Haya," amesema.

Akafuta vidole, akachukua chupa yake, akajifunika vizuri, akaenda zake.

Kimashine kiko juu ya kabati. Zamu ya kwanza nimempa mwanamke wa mkuki. Mwana mfalme nimemwacha nyuma, ukutani. Amesimama tu.

Saa kumi na robo. Sasa atakuwa kituoni. Dirisha la wodi linatazama ukuta.