Rundo la Majani Nyuma ya Jikoni

Mjukuu wangu Chebet,

Shikamoo yako ilifika. Hapa Sosiot tuko wazima, na ile ng'ombe nyekundu imezaa.

Umeniuliza kama sindano ya jicho ilinishtua. Hapana. Daktari alisema mshipa nyuma ya jicho umeziba na pale pa kuonea pamevimba, ndiyo maana mistari ya chai ilikuwa inaonekana imepinda. Kilichonishtua ni kuona tena. Baada ya sindano ya tatu nilizunguka nyuma ya jikoni, nikaona rundo la majani magumu ya chai, yale ambayo kiwanda hukataa, mengine yameoza, mengine ya jana. Nikamuuliza mama yako ni ya nani.

"Ni yale unachuma, mama," akasema polepole. "Nayatoa kabla sijapeleka mengine kituoni kuuza."

Nilikaa chini pale pale.

Chebet, nilipokuwa nimeolewa juzi tu, mama mkwe wangu alianza kuchuma majani magumu namna hiyo hiyo. Siku moja nilimwaga kikapu chake kituoni, mbele ya majirani, nikamwambia amekuwa mvivu. Aliinama akayaokota kwa kupapasa. Mimi nilidhani anajifanya. Alikufa akiwa haoni kabisa, na hata hapo sikuunganisha mambo.

Jicho halijarudi lote, lakini linatosha kumwona mama yako akichambua majani. Ukimpigia simu, mwambie asante. Mimi kila nikifungua mdomo, nakiona kile kikapu.

Kogo wako.