Huyo Binti Hatumjui

Fairfax, Virginia
4 Machi 2019

Baba mpendwa,

Hujambo? Goti linaendeleaje na baridi hii? Mimi mzima, ila nimechoka kungoja. Ile kazi ya serikali niliyokuambia Krismasi bado imekwama. Mpaka waridhike kwamba naaminika kutunza siri, hata getini sipiti. Nikipiga simu naambiwa, "Bado inashughulikiwa, dada." Kwa sasa nabeba sahani mgahawani, na shahada yangu ya hesabu nahesabia mayai. Nafasi wataishika mpaka Septemba tu, kisha anachukuliwa mwingine. Baba, naitaka kazi hii kuliko kitu chochote.

Msalimie Bibi Opal.

Mwanao, Tessa


Bonde la Cutler, West Virginia
20 Aprili

Tessa mwanangu,

Salamu. Goti linanisumbua mvua ikikaribia, kwingine kote sijambo. Kuku mweusi katotoa.

Sasa tulia nikupe habari, wala usiogope. Alhamisi alikuja mtu hapa, tai shingoni, kitambulisho cha serikali mkononi, anakuulizia wewe. Posta wakamwambia hawakujui. Mchungaji akasema ana waumini wengi mno kukumbuka majina, na unajua tunavyojaa benchi mbili tu. Akapanda mpaka kwa jirani yetu Bibi Opal, aliyekuogesha siku uliyozaliwa. Bibi kamkazia macho: "Tessa? Huku hakuna mtu wa jina hilo. Jaribu bonde la pili." Mimi nilimwambia sina mtoto, nina mbwa tu.

Unajua tulivyolelewa. Tangu enzi za babu yako kupika gongo na kuwakwepa polisi, mgeni mwenye tai akimuulizia mtu, mtu huyo hayupo. Sijui umekorofishana na nani huko mjini, lakini lala usingizi. Hakupata kitu.

Baba yako


Fairfax
29 Aprili

Baba,

Natumai mko wazima, maana mimi mmeniua. Yule ndiye mchunguzi wa kazi yangu, anayewauliza wanaonijua kama naaminika! Niliandika kwenye maombi kwamba nimezaliwa na kukulia hapo, na Bibi Opal nikamweka shahidi. Sasa wameniita kuniuliza kwa nini nimedanganya kuhusu kwetu. Nikawaeleza habari za gongo la babu. Hakuna aliyecheka. Faili limerudi nyuma, na hawajui watamtuma mwingine lini, au kama watamtuma.

Ningewaambia mapema, najua. Lakini imeniuma, Baba. Nimelia kwa sababu watu wote walionilea wamesema hawanijui. Akija mwingine, nawaomba, semeni.

Mwanao, Tessa


Bonde la Cutler
18 Agosti

Tessa mwanangu,

Natumai barua hii inakukuta na nguvu. Nilichelewa kuandika kwa kuwa sikuwa na la kukufariji.

Ulipoandika, nilisimama kanisani, mimi nisiyesimama hata kuimba, nikawasomea barua yako. Bibi Opal akasema, "Darrell, mtu wa serikali sijamwambia hata ni saa ngapi maisha yangu yote. Baba yako alikufa hajafungwa kwa sababu mdomo huu ulifungwa." Nikamjibu, "Mama, safari hii kunyamaza ndiko kunakomfunga mtoto." Akatoka bila kuniaga.

Miezi ikapita; kila gari likivuka daraja nachungulia. Juzi akaja mchunguzi mwingine, mwanamke, viatu vimejaa tope. Nikampeleka mwenyewe kwa Bibi Opal. Bibi akamtazama weee, kisha akamkatia mkate wa mahindi, akampakulia maharage, akasema, "Kaa. Huyo mtoto nilimpokea kwa mikono hii." Hakunyamaza mpaka jua likazama. Surua yako, mapichi uliyoiba, siku ulipomwambia mchungaji hesabu yake ya sadaka ina kasoro. Hata mahali mtambo wa gongo ulipofukiwa kapataja. Mgeni alipoondoka, Bibi akakusanya sahani. Akaniambia, "Nimemsaliti marehemu baba yako."

Sijui tumesaidia au tumeharibu. Ila tumesema.

Baba yako


Fairfax
12 Septemba

Baba mpendwa,

Hujambo? Goti je? Faili limepita! Jumatatu napita getini. Mwambie Bibi Opal alale. Gongo la marehemu halikumshughulisha mtu.

Kuna jambo moja. Siruhusiwi kukuambia nitafanya nini humo ndani. Si wewe wala mtu yeyote, hata nikizeeka. Ukiniuliza siku yangu ilikuwaje, nitakuambia habari za mvua. Naumia, maana sijawahi kukuficha kitu.

Mwanao, Tessa


Bonde la Cutler
21 Septemba

Tessa mwanangu,

Salamu nyingi kutoka kwa kila mtu. Mchungaji kapiga kengele na wala haikuwa Jumapili. Nilimsomea Bibi Opal barua yako, akacheka mpaka akashika mbavu: "Kumbe wamemchukua kwa kazi yetu ya kufunga mdomo!"

Usiumie. Baba yangu nilikaa naye nyumba moja mpaka alipokufa, na mtambo ulipo nilikuja kujua siku Bibi Opal alipomwambia yule mwanamke. Nilimpenda hivyo hivyo.

Wewe niandikie habari za mvua, nitazisoma zote. Na akija tena mgeni mwenye tai kuuliza binti yangu anafanya kazi gani, nitamwambia sijui, na kwa mara ya kwanza katika bonde hili "sijui" itakuwa ya kweli.

Baba yako